Hidaya ya Sikio

Sahibu yangu mmoja wa Tanga alipotimiza miaka sitini nilimpelekea saa ya ukutani. Ilikuwa saa nzuri, yenye mzingo wa rangi ya dhahabu, na fedha niliyoilipia, kwa kadiri ya kipato changu, haikuwa ndogo; akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa murua wake wa siku zote, akaitundika sebuleni mbele ya macho yangu. Tulipokaa kunywa kahawa mjukuu wake akawasha redio, ukatoka wimbo wa zamani wa taarabu ya Tanga, wenye gitaa jepesi na sauti ya mwanamke, na papo hapo rafiki yangu akanyamaza katikati ya neno, akaweka kikombe chini, akainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Wimbo ulipokwisha akaniambia kwamba alikuwa nao katika kaseti. Kwamba kaseti hiyo ingalipo, imo sandukuni chini ya kitanda pamoja na nyingine zipatazo arobaini. Na kwamba tangu redio kaseti yake iharibike, yapata miaka kumi na mitano, hajazisikia tena. Mtu huyu nilijuana naye tangu ujana, nikala kwake naye akala kwangu, na siku alipofiwa na mkewe nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, wala sikuwa na habari ya sanduku lile, kwa sababu sikupata kumwuliza. Saa ilikuwa ikigonga ukutani, na moyo wangu ukaniambia kwamba nimempa kitu cha dukani, ilhali kitu chake mwenyewe, alichokipenda kuliko saa zote, kilikuwa hatua kumi kutoka tulipoketi, kinaliwa na vumbi.

Nilirudi nyumbani na somo moja: kwamba hidaya njema haipimwi kwa fedha iliyotoka mfukoni, bali ni ushahidi kwamba mtoaji amemsikiliza mpewa. Tangu siku hiyo nimejifunza kuzitoa nyimbo katika kaseti na kuzitia katika kompyuta, nimewapelekea masahibu kadhaa nyimbo zao wenyewe siku za kuzaliwa kwao, nimekosea njiani na kujisahihisha. Na haya ninayoyaandika ni ushauri wa mtu aliyeyapitia, kwa msomaji ambaye huenda naye ana rafiki mwenye sanduku chini ya kitanda.

Tuanze na siku yenyewe. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa; mtu alijijua kuwa alizaliwa mwaka wa njaa iliyosifika katika kijiji chao, au masika yaliyotangulia Uhuru, au miezi michache baada ya Mapinduzi ya Unguja, na hesabu hiyo ilimtosha. Pwani imezoea tangu zamani kukumbuka uzawa wa Mtume kwa Maulidi ya Mfungo Sita, lakini keki na mishumaa kwa ajili ya kila mtu ni mambo yaliyokuja baadaye, na wapo Waislamu wanaoona kwamba hayafai, kama walivyopo Wakristo wa madhehebu fulani wasioiadhimisha siku hiyo kabisa. Ushauri wangu ni huu: ikiwa rafiki yako ni mmoja wa hao, itikadi yake iheshimu kwa ukamilifu, wala usimfanyie karamu ya kumshtukiza kwa kudhani kwamba furaha itamlainisha, mpe hidaya yako siku nyingine yoyote, kwa kuwa mapenzi hayafungwi na kalenda. Ikiwa haijui tarehe yake, usimbunie. Chagueni siku mnayoijua nyote wawili, mathalani siku mliyokutana mara ya kwanza, au siku aliyostaafu kazi. Na ikiwa anaiadhimisha, basi ikumbuke mwenyewe kabla simu haijakukumbusha.

Nasema hivi kwa sababu simu na kompyuta siku hizi hutuhifadhia tarehe zote, nalo si jambo baya. Baya ni kuiachia mashine kazi ya kukumbuka, kisha kuiachia na kazi ya kusema. Salamu ambayo watu mia wamekwisha kupelekewa, yenye picha ile ile ya maua na maneno yale yale, haina jina la mtu ndani yake hata ikianza kwa kumtaja jina. Iandike tarehe ya sahibu yako katika daftari, na uiandike mara mbili: siku yenyewe, na wiki sita kabla yake, maana kazi nitakayoieleza haifanyiki kwa usiku mmoja.

Kazi ya kwanza ni kuuliza, na kuuliza nako kuna adabu yake. Ukimwuliza mtu wa pwani anataka zawadi gani, malezi yake yatamjibia kwamba usijisumbue, kufika kwako kunatosha; hutapata neno zaidi ya hilo, wala si haki kumlazimisha. Mwulize badala yake habari za sikio. Mwulize ngoma gani ilipigwa siku ya arusi yake, na nani aliimba. Mwulize ni bendi gani aliyopata kuiendea kwa miguu usiku kwa kukosa nauli; mama yake aliimba nini alipokuwa akisuka ukili au kukuna nazi; ni wimbo gani ambao redio ilipoupiga alikuwa akiacha kazi mkononi. Maswali ya namna hii hayamtii mtu haya, kwa kuwa hayaombi kitu, na mwenye kuyajibu hukupa bila kujua orodha kamili ya hazina yake. Ukifika nyumbani yaandike majibu yote, kwa kuwa wahenga wamekwisha tuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya kumbukumbu hupotea upesi kuliko mali nyingine zote.

Huenda msomaji akasema kwamba nyimbo za zamani zote sasa zimo katika intaneti, na kwamba taabu ya kaseti ni taabu ya bure. Zimo nyingi, kweli, wala usianze kurekodi kabla ya kutafuta. Lakini ni lazima tufahamu nyimbo hizi zilihifadhiwaje. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay wakarekodiwa katika santuri, na nyimbo zile zikarudi Unguja kama shehena nyingine yoyote ya biashara. Bendi nyingi za Tanzania Bara zilirekodi katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na walioweza wakatoa santuri zao Nairobi. Kisha ikaja kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na ambayo ilipoenea katika miji yetu ilibadili mambo yote, kwa sababu sasa mtu hakuhitaji studio wala kiwanda. Alihitaji redio kaseti, betri na nafasi ya kukaa karibu na waimbaji. Mombasa taarabu nyingi zilirekodiwa pale pale arusini, vigelegele na vicheko vimo ndani, kisha kaseti zikauzwa madukani na kunakiliwa kutoka nyumba hadi nyumba. Tanga, ambako vilabu vya Black Star na Lucky Star viliipa taarabu gitaa na besi, na ambako sauti ya mwimbaji Shakila ilipata kusikika kabla haijasikika nchi nzima, watu walirekodi usiku wa maonyesho na walirekodi redio. Kwa hiyo ndani ya sanduku la rafiki yako huenda zimo nyimbo zinazopatikana kila mahali, na huenda umo usiku mmoja wa arusi ambao duniani pote una nakala moja tu. Hujui mpaka usikilize, na utepe wa kaseti haungoji. Joto, unyevu wa pwani na ukungu huila kila mwaka.

Sasa tuje kwenye kompyuta, ambayo watu wa umri wangu wengi huiogopa, na woga wao una tarihi. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuweka hesabu za Hazina kwa mashine kutofaulu, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, na televisheni pia. Hivyo wengi wa kizazi hicho walisoma, wakafanya kazi na kuzeeka bila kuigusa. Kwa mtu wa namna hiyo nasema: kompyuta ni jahazi, si shehena. Huhitaji kujua mbao zake zilivyopigwa misumari ili uvushe mzigo wako. Na ikiwa mikono yako haiwezi, tafuta kijana wa jirani anayeweza, ukae naye, yeye ashike kipanya nawe ushike daftari. Kazi hii hupendeza zaidi ikifanywa na watu wawili wa umri mbalimbali, kwa sababu kijana hujifunza majina ya waimbaji na mzee hujifunza majina ya vifungo.

Anza na kaseti zenyewe. Zitoe sandukuni mahali pakavu pasipopigwa na jua, uzipanguse kwa kitambaa kikavu, uzitenge zenye ukungu mweupe juu ya utepe, maana hizo zikipigwa huuchafua mtambo na kuziambukiza nzima. Zipeleke kwa fundi anayejua kuzisafisha, au uziache mpaka umpate. Tazama mgongo wa kila kaseti: kuna vimeno viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande, na vikivunjwa mtambo haukubali tena kurekodi juu yake. Vivunje kabla ya jambo lolote, kwa sababu kidole kinachokosea kifungo kimoja kwa nukta chache hufuta wimbo ambao haurudi. Kisha izungushe kila kaseti mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwanzo, bila kuipiga, ili utepe uliogandana kwa miaka mingi ulegee. Na zile za dakika 120 uzichukulie kwa upole zaidi, kwa kuwa utepe wake ni mwembamba na hukatika upesi.

Baada ya hapo tafuta redio kaseti au deki iliyo nzima. Mafundi redio wengi wa mitaani bado wanazo, na aghalabu tatizo la mtambo mkongwe ni mkanda wa mpira uliolegea, ambao kubadilishwa kwake si kazi kubwa. Safisha hedi, yaani kile kichuma kidogo kinachougusa utepe, kwa pamba iliyotiwa spiriti kidogo, ukiacha ikauke. Utashangaa uchafu wa kahawia utakaotoka, na utashangaa zaidi sauti itakavyofunguka. Jaribu mtambo kwa kaseti usiyoijali, hata ukihakikisha kwamba hautafuni utepe ndipo uutie kaseti ya rafiki yako.

Kuunganisha ni jambo jepesi. Waya mmoja wenye ncha nyembamba pande zote mbili hutoka katika tundu la spika za masikioni la redio kaseti na kuingia katika tundu la kuingizia sauti la kompyuta. Na kompyuta nyingi za mkononi za siku hizi, ambazo hazina tundu hilo, huhitaji kifaa kidogo cha kuchomeka katika USB, ambacho huuzwa katika maduka ya vifaa vya kompyuta. Programu ya kurekodia nitumiayo ni Audacity, ambayo haiuzwi, na imetumika duniani tangu mwaka 2000. Ukiifungua utaona sauti ikijichora katika skrini kama mawimbi. Hapo pana kanuni moja ya kushikwa kuliko zote: mawimbi yasigonge ukingo wa juu wala wa chini. Punguza sauti ya redio kaseti, uliachie wimbi nafasi ya kupanda, kwa kuwa sauti ndogo huweza kuongezwa baadaye, lakini wimbi lililokatwa kichwa haliungiki.

Kaseti ya dakika 60 itakuchukua dakika 60. Hakuna njia ya mkato, nami nasema alhamdulillahi kwamba hakuna, kwa sababu saa hiyo moja ndiyo hidaya yenyewe. Keti uisikilize. Andika wimbo umeanza wapi na umekwisha wapi, nani anaimba, ni chombo gani kinachoongoza, ni jina gani limetajwa kati ya wimbo na wimbo. Mtu aliyemsikilizia rafiki yake kaseti arobaini amekaa naye saa arobaini bila yeye kuwapo, na atakapokutana naye atakuwa na maswali ambayo hayakuwahi kuulizwa katika urafiki wao wote.

Ukimaliza kurekodi utatamani kusafisha. Programu ina dawa ya kuondoa mvumo wa utepe, nayo ni dawa kali. Tone moja husaidia, kikombe huua. Sauti ya mwimbaji iliyosafishwa kupita kiasi hutoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi, na mvumo ulioukimbia ulikuwa na madhara madogo kuliko hayo. Wala usikate vigelegele, kikohozi cha mgeni, mlio wa kiti, wala maneno ya mshereheshaji. Katika santuri hayo yangekuwa makosa. Katika kaseti ya arusi hayo ni watu, na wengi wao hawapo tena.

Kuhifadhi nako kuna hesabu yake. Sauti isiyobanwa, kwa kipimo cha CD, yaani vipande 44,100 kwa kila sekunde, huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, hivyo kaseti ya dakika 60 hujaza megabaiti 600 hivi. Hiyo ndiyo asili, nayo iwekwe vile vile ilivyo, au ibanwe kwa mtindo wa FLAC, ambao hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote. Kwa ajili ya kusikiliza, toa nakala ya MP3. Kwa kipimo cha kilobiti 192 kwa sekunde kaseti ile ile haizidi megabaiti 90, na flashi ya gigabaiti 8 hubeba kaseti themanini na zaidi. Sanduku zima la sahibu yangu liliingia katika kitu kisichozidi kidole gumba, na nafasi ikabaki. Kila faili ipe jina linalosema: namba ya mpangilio kwanza, 01, 02, 03, kisha mwimbaji au kundi, kisha wimbo. Usilolijua usilibuni, andika kwamba halijulikani, maana jina la uongo likishaingia katika kompyuta hunakiliwa mara elfu, na mwimbaji wa kweli hudhulumiwa mara elfu.

Na nakala ziwe tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na ya tatu katika nyumba nyingine kabisa au katika hifadhi ya intaneti. Hili nalisema kwa uchungu. Nilipata kuwa na hadithi za mama yangu mzazi, alizonisimulia jioni kumi na moja, nikaziweka katika diski moja nikiiamini kama mtu aaminivyo ardhi. Asubuhi moja diski ikatoa mlio mdogo kama wa mchanga, ikanyamaza, na mafundi wawili niliowapelekea hawakuweza kuitoa hata dakika moja. Mama alikuwa amekwisha fariki. Tangu hapo sitii tunu yoyote katika chombo kimoja, na nakusihi, msomaji, usingoje kulijua jambo hili kwa njia niliyolijua mimi.

Lipo pia suala la haki, ambalo mwenye insafu hawezi kulipita. Wimbo una mwenyewe, hata ukiwa mkongwe. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 iliyoanzisha COSOTA, chombo cha kusimamia haki hizo, Zanzibar ina COSOZA, na Kenya ina bodi yake. Lakini hata kabla ya sheria, dhamiri ingetosha. Kuokoa kaseti ya rafiki ili yeye mwenyewe aisikilize ni jambo moja, na kuigeuza biashara, kwa kuinakili na kuiuza au kuitangaza kana kwamba ni mali yako, ni jambo jingine kabisa. Nyimbo ambazo bado zinauzwa zinunue. Na mwimbaji akiwa hai na anafikika, mpelekee sehemu ya bajeti yako ya zawadi, umwombe asalimie kwa sauti yake. Waimbaji wetu wengi waliowafurahisha watu maisha yao yote wamezeeka katika uhitaji, na salamu ya dakika moja iliyolipiwa kwa heshima huwafurahisha watu wawili kwa mara moja.

Hidaya ikiwa tayari, ifikishe kwa namna ambayo mpewa ataweza kuitumia. Mzee asiye na kompyuta usimpe flashi tupu. Mpe pamoja na spika ndogo yenye tundu la flashi, uwe umekwisha kuijaribu, maana redio nyingi za namna hiyo na za magari husoma MP3 tu, na baadhi hazisomi flashi isiyopangwa kwa mtindo wa FAT32. Tia na karatasi yenye orodha ya nyimbo kwa herufi kubwa, na barua uliyoiandika kwa mkono wako, hata kama ni mistari mitano. Ieleze ulisikia nini katika kaseti zake. Rafiki aliye mbali, kama wale ndugu zetu wengi walioko Maskati, mtumie nyimbo kwa simu kama nyaraka na si kama ujumbe wa sauti, ili zifike na majina yake na ubora wake. Kisha mpigie, msikilize wimbo mmoja kwa pamoja, yeye kule na wewe huku. Mtoto naye asinyimwe: sauti ya bibi yake akisimulia hadithi moja, iliyorekodiwa vizuri na kupewa jina na tarehe, itamfaa akiwa na miaka arobaini, wakati ambapo vidole vyake havitakumbuka hata umbo la gari la plastiki alilopewa. Na asiye na fedha asifadhaike, kwa maana kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika kazi hii yote kilicho ghali ni muda, na muda Mwenyezi Mungu amempa kila mtu kwa kipimo kimoja cha saa ishirini na nne.

Limebaki onyo moja, nalo ni zito kuliko yote. Kaseti huhifadhi hata lile ambalo hukulitafuta. Nilipofika kaseti ya ishirini na saba ya sahibu yangu, usiku, nyumba ikiwa kimya, wimbo ulikatika katikati, ukasikika mlango, na baada yake sauti ya marehemu mkewe, kijana, akiwaita watoto waje kula, akimwuliza mumewe kama ataendelea na redio yake mpaka wali upoe. Kisha kicheko, kisha wimbo ukaendelea. Niliuzima mtambo nikakaa. Lau ningaliitia kaseti ile katika flashi bila kusema neno, na lau angaliisikia mbele ya wageni wa siku yake ya kuzaliwa, ningalikuwa nimemtendea jambo ambalo hata nia njema isingeliponya. Kwa hiyo nikawauliza kwanza wanawe. Kisha nikamwendea mwenyewe siku tatu kabla, faraghani, nikamwambia ni nini nilichokikuta, na kwamba nimekiweka peke yake katika faili yake, na kwamba ni yeye atakayeamua kama atakisikia, na lini, na akiwa na nani. Fanya hivyo hivyo daima. Sauti ya aliyekufa haishtukizwi juu ya mtu, huombewa ruhusa.

Alinishukuru kwa maneno machache kuliko yale ya siku ya saa, akaichukua flashi, akaingia chumbani. Sikuuliza kitu. Siku ya nne alinijia nyumbani, jambo ambalo kwa sababu ya miguu yake halijatokea mara nyingi, akaiweka flashi juu ya meza, akaniomba nakala tano, moja kwa kila mwanawe.

Basi nakuomba, msomaji, usingoje duka likuonyeshe la kufanya. Leo jioni mwendee yule unayesema kwamba ni rafiki yako, mwulize ni wimbo gani uliopigwa siku ya arusi yake, na akikujibu kwamba alikuwa nao katika kaseti, mwombe akuonyeshe lilipo sanduku.